Sifuri Niliyoitoa kwa Majivuno

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mtu niliyemfundisha miaka tisa iliyopita. Siku hizi naye anafundisha. Aliuliza: "Mwalimu, wanafunzi wangu wanakopi na kupesti. Niwape sifuri kama ulivyonipa mimi?"

Nadhani hakuandika kwa ubaya. Ila usingizi ulinipaa.

Insha yenyewe naikumbuka. Aya tatu zilikuwa za mtu mwingine, amebadilisha neno hapa na pale: "kubwa" limekuwa "pana", "sababu" limekuwa "chanzo", sentensi ni zilezile. Niliisoma mbele ya darasa zima, nikachora sifuri kwa wino mwekundu, nikajiona shujaa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alidhani kubadilisha maneno ndiyo kazi yenyewe. Nikacheka.

Baadaye sana nikakutana na hoja za Rebecca Moore Howard, mtafiti wa uandishi wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1990 anasema kutia viraka namna hiyo mara nyingi ni hatua ya kujifunza kuandika. Ilinichoma. Sikuwahi hata siku moja kumfundisha kijana yule kufupisha aya.

Sasa muhula nauanza hivi. Nawapa aya moja, wanaisoma mara mbili, wanaifunika, kila mmoja anamsimulia jirani yake, ndipo anaandika. Kisha anafunua analinganisha. Kilichofanana anakitia alama za kunukuu na kumtaja mwandishi wake. Rasimu nazidai zote, hata zile za aibu. Programu inayoonyesha asilimia ya maneno yanayofanana na ya wengine tunaitazama pamoja kabla hajawasilisha, maana asilimia haijui nani mwizi. Na wanaotegemea mashine kukamata kazi za akili mnemba wakumbuke kwamba OpenAI wenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, waliondoa chombo chao cha kuzitambua mwaka 2023, kwa kukosa usahihi.

Muhula huu nimepokea insha 38, nikarudisha mbili tu. Ndiyo, najisifu.

Walimu wenzangu, tuweke rungu chini. Tunadai uaminifu huku slaidi zetu zimejaa picha za watu tusiowataja! Fundisha kwanza. Onyesha kwanza. Halafu ndiyo udai.

Nilimjibu mstari mmoja wa ushauri na mistari saba ya kuomba radhi. Ameshausoma ujumbe. Hajajibu.