Naanza na upande wa kushoto

Wiki hii mmeuliza: wewe ambaye kazi yako ni kuwatunza wengine, mwenyewe unajitunzaje? Mimi nafundisha yoga hapa Mbeya, mwaka wa sita sasa, na jibu langu nililipata kwa fundi cherehani wa Mwanjelwa.

Nilimpelekea kitenge anishonee gauni. Akanipima mabega, akarudia, kisha akaitundika futi shingoni na kuniangalia. "Dada, kulia kumeshuka. Huwa unabeba nini?" Nikacheka, maana sibebi kitu. Nyumbani nikasimama mbele ya kioo, nikaona kweli.

Ilinichukua siku kadhaa kung'amua. Mwalimu wa yoga akionyesha mkao, huonyesha upande mmoja tu. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia juu, kiuno kimegeuka. Wanafunzi wakihamia kushoto, mimi nimeshanyanyuka, napita katikati ya mikeka: mama huyu goti, kaka yule shingo. Madarasa matatu kwa siku, siku tano kwa wiki, kulia, kulia, kulia. Nimekuwa kama bajaji iliyopakiwa viazi upande mmoja! Na ubaya zaidi, hayo ndiyo niliyokuwa nayahesabu kuwa mazoezi yangu.

Siku hizi naamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nafanya ya kwangu. Msidhani ni jambo la kupiga picha. Mwezi wa sita na wa saba sakafu ya saruji huku inauma nyayo, kwa hiyo nakunja blanketi mara nne juu ya mkeka, navaa soksi mbili mbili na sweta la marehemu baba. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2014 kwamba Juni 21 iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga. Huko kaskazini mwa dunia ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Kwetu ndiyo yenye mchana mfupi kabisa, jua linachomoza kwenye saa moja, tena ukungu ukikubali. Ile mikao ya yoga inayofuatana, iitwayo "salamu kwa jua", naifanya huku mwenyewe anayesalimiwa bado hajafika.

Naanza na kushoto. Pumzi tano kushoto, tatu kulia. Kisha nalala chali, miguu nimeiegemeza ukutani, dakika kumi na tano, mapaja nimeyafunga kanga yasiachane. Hilo nimejifunza kwa B.K.S. Iyengar, Mhindi aliyekuwa mgonjwa mgonjwa utotoni, akaja kufundisha watu kutumia mikanda, viti na mablanketi badala ya kuulazimisha mwili. Navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita. Siwazi jambo lolote kubwa. Mara nyingi nawaza uji.

(Wanaoniuliza kama nimehamia dini nyingine: Jumapili niko kanisani, kwaya, sauti ya pili. Tuendelee.)

Kuna watu husema kujitunza ni bure, oga maji ya moto, lala mapema. Labda kwao. Mimi nimefuta darasa la Jumatano jioni, lile lililokuwa linanilipia umeme na vocha, na mwezi wa kwanza nilijuta kabisa. Darasani nako nimepunguza kuonyesha. Naeleza kwa mdomo, wao wanafanya. Mama mmoja aliniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, siku hizi umekuwa mvivu." Watu wakacheka, nami nikacheka, ila iliniuma mpaka nafika nyumbani.

Mwezi uliopita nilirudi kwa fundi na kitenge kingine. Akapima kulia, akapima kushoto, akaandika namba mbili kwenye kipande cha boksi.

"Robo inchi," akasema bila kuinua macho. "Mwanzo ilikuwa nusu."