Nauli za Desemba, jiko la mkaa chumbani na soda ya jirani: majibu ya barua zenu

Kila inapokaribia Desemba barua zenu hubadilika. Za ada na mikopo hupungua, za safari hujaa. Nimechukua nane. Baadhi nimezifupisha, majibu sikuyafupisha pale ambapo niliona mtu anaweza kupoteza pesa nyingi au uhai.

Dada, kila mwaka nawapeleka wanangu watatu Rombo kwa bibi yao. Nikifika stendi ya Mbezi naambiwa mabasi yamejaa, halafu anatokea kijana mwenye tiketi kwa karibu mara mbili ya bei. Nifanyeje? (Mama wa watatu, Kimara)

Mama, pole. Tuanze na nauli yenyewe, maana wengi tunalalamika bila kujua tunachodaiwa. Mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida na la kati yana nauli kikomo inayopangwa kwa kila kilomita na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Kampuni inaruhusiwa kutoza chini ya kikomo, hairuhusiwi kukivuka, iwe Krismasi au Idi. Ndiyo maana mwezi wa tatu, abiria wakiwa wachache, unapunguziwa, na Desemba unatozwa kikomo chote. Hapo hujaonewa. Unaonewa pale unapotozwa juu ya kikomo, au unapolipishwa nauli ya daraja la kati ukapandishwa basi la kawaida. Kwa hiyo kabla ya kutoka Kimara, ijue nauli kikomo ya njia yako kwa madaraja yote mawili na uiandike kwenye simu. Mtu mwenye namba mkononi hubishana kwa utulivu.

Tiketi iwe ya kielektroniki, na uisome ukiwa bado dirishani: jina lako, tarehe, saa ya kuondoka, namba ya kiti, namba ya gari, na kiasi ulicholipa. Hicho cha mwisho ndicho kinachochezewa sana. Ukitoa 60,000 na tiketi ikaandikwa 40,000, zile 20,000 hazina ushahidi popote, na hata ofisa wa LATRA akitaka kukusaidia atakuuliza karatasi inasema nini. Ukilipa kwa simu, lipa kwenye namba ya biashara inayoleta jina la kampuni. Likija jina la mtu, acha.

Mwaka 1998 nilinunua tiketi ya mkono nje ya geti la stendi, nikiwa na mama yangu mzazi ambaye miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Kiti kile kilikuwa kimeuzwa kwa watu watatu. Mama alisimama mpaka Chalinze, ndipo kijana mmoja akamwonea huruma. Tangu siku ile sijanunua tiketi kwa mtu anayetembea nayo mfukoni, na nakusihi nawe usinunue.

Kuokoa pesa zaidi, badili tarehe. Watu wa Kilimanjaro wengi hupanda kati ya tarehe 20 na 23. Shule zinafungwa mapema kuliko hapo, kwa hiyo watoto wanaweza kutangulia na shangazi yao wewe ukafuata. Kurudi, epuka siku mbili tatu za mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Na kila mtoto awe na kiti chake chenye mkanda. Najua inauma kulipia vitatu, lakini mtoto aliyepakatwa hana kinachomzuia basi likifunga breki ghafla.

Kuna magari madogo yanayopakia pembeni ya barabara, tunayaita mchomoko. Yanawahi na dereva hupunguza bei. Kuna ubaya gani? (Kijana wa Msamvu, Morogoro)

Kabla hujaingia, angalia kibao cha namba. Hapa Tanzania gari la biashara lina kibao cheupe na gari binafsi lina cha njano. Noah au Alphard yenye kibao cha njano inayokusanya nauli haina leseni ya kubeba abiria, na bima yake ni ya gari binafsi. Ikitokea ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kukulipa wewe uliyepanda kwa nauli, kwa kuwa gari lilifanya kazi ambayo halikukatiwa bima. Unaokoa elfu chache asubuhi, na jioni familia yako inaweza kuanza kuchangishana gharama za hospitali.

Tena huna tiketi. Kwenye basi, tiketi ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwa abiria wa gari lile siku ile. Katika mchomoko, hata kuthibitisha kwamba ulikuwemo ni kazi. Bima ya gari lolote unaweza kuihakiki kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kwa kutumia namba ya gari. Inachukua dakika moja, na hata dereva akinuna, mwache anune.

Naja Kariakoo kufunga mzigo wa nguo. Nimezoea kubeba pesa taslimu, nazifunga kiunoni. Mume wangu anasema nitumie simu, mimi naogopa makato. (Mfanyabiashara, Kahama)

Makato yanayoumiza zaidi ni ya kutoa pesa kwa wakala. Kwa hiyo mpango wako uwe wa kutotoa. Maduka mengi ya jumla Kariakoo yana lipa namba au akaunti ya benki. Mpigie muuzaji wako kabla hujasafiri, muulize anapokea kwa njia gani, kisha linganisha gharama za njia hizo na kiasi chako. Kwa mzigo mkubwa, mara nyingi benki hadi benki ndiyo nafuu. Taslimu beba ya nauli, chakula na kuli tu, na hiyo nayo igawe sehemu mbili.

Mume wako ana haki, lakini simu nayo inaibwa. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, ile inayoombwa simu inapowashwa. Wengi wanafunga simu na kuacha laini wazi, mwizi anaichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine, anaanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako. Ikiibwa, azima simu ya mtu wa mtandao huo huo upige 100 laini ifungwe, kabla hata hujaenda polisi. Na ukiwa njiani ukipokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", usijibu. Utume ujumbe huo kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya matapeli hao.

Mjukuu wangu, napenda kusafiri na kuongea na watu. Wajukuu wananikataza nisipokee chochote ndani ya basi, hata soda. Si kumdharau mtu huko? (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Swali lako limenigusa, kwa sababu sisi tumelelewa tusimkatalie mtu chakula chake, na matapeli wa kwenye mabasi wanalijua hilo. Ndiyo silaha yao. Hawaji kwa sura ya wezi. Ni mama mwenye kitenge kizuri, au kijana mnyenyekevu aliyekusaidia kupandisha mkoba, anayekuita mama na kukupa biskuti baada ya nyinyi kuzungumza saa mbili nzima. Dawa ya usingizi iliyomo hukulaza, na ukiamka hakuna simu, hakuna pochi. Kwa mtu wa umri wako, hasa mwenye presha au anayetumia dawa nyingine, kilevi hicho kinaweza kuondoa uhai wenyewe. Hasara ya simu ni ndogo hapo.

Chupa kuwa imefungwa haikuhakikishii kitu, maana kizibo hufunguliwa kikarudishwa. Kinywaji chako kinunue mwenyewe dukani, na ukishuka kujisaidia usikiache kitini.

Kuhusu adabu, bibi, tunayo njia ya zamani ya kukataa bila kumvunja mtu moyo. Sema: "Ahsante mwanangu, nimefunga leo," au "daktari amenizuia." Mwenye nia njema atakuombea heri na mazungumzo yataendelea. Anayekushikilia mara ya pili na ya tatu, mwite kondakta akubadilishie kiti. Ongea na watu kama ulivyozoea, sitakukataza raha hiyo.

Julai nililala gesti Makete, baridi kali. Mhudumu akaniletea jiko la mkaa chumbani, nikashukuru. Niliamka kichwa kinapasuka na miguu haina nguvu. Januari nahamishiwa huko huko. Ilikuwa malaria? (Mwalimu)

Mwalimu, ulinusurika. Nakuandikia hivi bila kutaka kukutisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni hizo hizo: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Aliyelala hazisikii dalili, anaendelea kulala, na asubuhi mlango unavunjwa.

Watu wa nyanda za baridi, Makete, Njombe, Mafinga, hata Lushoto, hukuambia "mkaa umeshaiva, hauna moshi, hauna shida". Wanasema kwa upendo na wanakosea. Moshi ukiisha, hewa hiyo inaendelea kutoka maadamu kuna kaa jekundu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko lipashe chumba moto ukiwa macho, mlango na madirisha vikiwa wazi, kisha litolewe nje kabisa kabla hujapanda kitandani. Lisiwekwe ukumbini. Omba blanketi la pili, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, ifunge kwa kanga uiweke miguuni. Soksi na kofia ya sufu utazipata mnadani kwa bei ndogo.

Ukimkuta mwenzako amelegea kwenye chumba chenye jiko, kwanza mtoe nje kwenye hewa, ndipo umkimbize hospitali, na umwambie daktari habari ya mkaa. Usiposema, atatibiwa malaria kama wewe ulivyodhani.

Mabasi ya usiku yameruhusiwa. Nipande ili niokoe pesa ya gesti? (Mwanafunzi, Mwanza)

Yaliruhusiwa tena Oktoba 2023 baada ya kuzuiwa kwa karibu miaka 30, na zuio lile liliwekwa kwa sababu ya ajali. Safari ndefu kama yako lazima iwe na madereva wawili. Waulize, na uwaone wote wawili. Mimi bado nachagua mchana. Ukipanda usiku, chagua basi litakalokufikisha kumekucha. Likifika saa tisa usiku, kaa ndani ya stendi penye taa mpaka alfajiri, usichukue bodaboda ya mtu usiyemjua.

Mimi na mume wangu tuna pasi za Uingereza. Tumelipa viza ya Tanzania mtandaoni, tumekatwa zaidi ya dola 100 kila mmoja. Tumeibiwa? (Msomaji, Leicester)

Mmelipia huduma ya mtu wa kati ambaye hamkumhitaji. Ukitafuta "viza ya Tanzania", tovuti za matangazo hutangulia, zina bendera na nembo, na chini kwa herufi ndogo wameandika kwamba si za serikali. Ya serikali ni visa.immigration.go.tz, na viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50. Soma mwisho wa anwani: iishie .go.tz. Mkipitia Nairobi, Kenya nayo ina tovuti yake ya serikali, etakenya.go.ke. Waandikieni waliowakata pesa mkidai ile ziada, na mkikataliwa, ulizeni benki yenu kuhusu kurudishiwa malipo ya kadi.

Mkienda Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024 mgeni analazimika kukata bima ya huko, dola 44, hata kama amekuja na bima yake. Iwekeni kwenye bajeti mapema. Hoteli Tanzania Bara ikikulazimisha kulipa kwa dola, omba bei ya shilingi: kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutoza huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Nakwenda kisiwa cha Ukara na mtoto wa miaka minne. Boti hujaa siku za gulio, na nikishuka nasubiri mpaka jioni. (Mama, Ukerewe)

Subiri mpaka jioni, mama. Subiri hata mpaka kesho.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara, siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228, na kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati, watu wakiwa wanajiandaa kushuka. Kwenye chombo kilichozidisha, hatari iko mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu wote wakisogea upande mmoja kinalala. Nakijua kijiji kilichozika watu wa nyumba moja siku ile.

Usiende siku ya gulio kama una njia nyingine. Ukipanda, kaa upande wa juu ulio wazi, karibu na mahali pa kutokea, na usisimame kabla chombo hakijafungwa kamba gatini. Dai jaketi okozi mkononi mkiwa bado nchi kavu. La mtu mzima halimfai mtoto wako, litampanda usoni na kuchomoka, kwa hiyo ulizia la saizi yake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, na umvalishe kabla hamjakanyaga ubao wa kupandia.