Jibu: domeini inafunguka kwa wengine, kwa wengine inaleta ukurasa wa zamani

Mkuu nimesoma swali lako mara mbili. Umenunua jina la .co.tz, umejaza rekodi (yale maelekezo ya jina liende seva gani) ulizopewa na watu wa hosti, yaani kampuni inayotunza tovuti yako, leo siku ya nne, kwenye leptopu ya ofisini tovuti inafunguka freshi, kwenye simu kwa bando inaleta ule ukurasa wa zamani wa "tunakuja hivi karibuni", na ukiweka www mbele haifunguki kabisa. Na wadau watatu hapo juu wanakwambia subiri masaa 48. Siku ya nne unasubiri nini tena? Hapo kuna kitu kimekaa vibaya, na usipokigusa utakikuta hivyo hivyo hadi mwezi ujao.

Haya mambo nafanya kama kibarua cha pembeni hapa Kigoma, niko Mwanga, na nilichojifunza nilijifunza kwa aibu. Kuna mama mmoja namuita shangazi, anauza dagaa na mawese, dagaa wenyewe anachukua Kibirizi wakiwa wamekauka anafungasha anatuma hadi Dar. Nikamtengenezea tovuti. Jina alinunua kwa kampuni moja, hosti nikachukua kwa kampuni nyingine kwa sababu ilikuwa bei chee. Nikaingia kwenye paneli ya hosti nikaweka rekodi ya A, ile inayotaja namba ya seva yenye tovuti, vizuri kabisa, nikasevu, nikamwambia shangazi kesho tayari. Kesho hamna. Keshokutwa hamna. Nikafuta nikaandika upya, nikabadilisha namba nikairudisha, siku tatu nahangaika na ile paneli, shangazi anapiga simu, "mwanangu, mteja wa Dar anasema duka halipo", namjibu "shangazi vumilia, ni mtandao unasambaa". Uongo mtupu, hakuna kilichokuwa kinasambaa. Neimuseva za lile jina, yaani seva zinazojibu watu wakiuliza jina liko wapi, zilikuwa bado ni za kule alikonunulia, kwa hiyo dunia nzima ilikuwa inaenda kuuliza kule, na mimi naandika sehemu ambayo hakuna mtu anayekuja kusoma. Ni kama umehamia Gungu ukajiandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa wa Gungu, halafu wageni wako wote wanaelekezwa wakaulize kwa mwenyekiti wa Ujiji. Yule wa Ujiji atawapa anwani yako ya zamani tu, hana kosa.

Kwa hiyo kabla hujagusa rekodi yoyote fungua ile skrini nyeusi ya kompyuta uandike nslookup -type=ns jinalako.co.tz uone majina gani yanarudi. Hayo ndiyo yanayojibu kwa niaba ya domeini yako, na paneli ya hao hao ndiyo ya kuhariri, nyingine zote achana nazo hata kama zina sehemu nzuri ya kujaza. Ukishayapata, muulize mmoja wao moja kwa moja: nslookup -type=a jinalako.co.tz halafu acha nafasi uandike jina la ile neimuseva. Halafu rudia ukiweka 8.8.8.8 mwishoni, ile ya Google, na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Neimuseva yenyewe ikitoa jibu lisilo sahihi basi kosa ni lako, hata usubiri mwaka. Ikitoa jibu sahihi ila 8.8.8.8 ikatoa la zamani, hapo sasa ndio kusubiri kunaingia, maana jibu la zamani wameliweka akiba hadi muda wake uishe. Muda wenyewe ni ile TTL, inaandikwa kwa sekunde, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Hayo masaa 48 wanayoyaimba watu hayajatoka hewani, kwenye .com rekodi za neimuseva zinazotolewa kule juu kwa wasimamizi wa .com zina TTL ya 172800 ambayo ndiyo siku mbili hizo, lakini hiyo ni pale unapobadilisha neimuseva. Ukibadilisha A peke yake unaisubiri TTL ya hiyo A basi.

Sasa tatizo lako la simu. Mimi nawaza AAAA. Hiyo ni kama A ila ni ya IPv6, ule mfumo mpya wa namba za mtandao, na kuna kampuni ukinunua jina wanakuwekea zote mbili zielekee kwenye ukurasa wao wa matangazo. Wewe umebadilisha A ukaiacha AAAA. Mtandao wa ofisini kwenu unaweza kuwa hauna IPv6 hivyo leptopu inatumia A inafika salama, lakini simu ikiwa kwenye laini yenye IPv6 inaanza na AAAA na inatua kwenye ukurasa wao. Kagua kwa -type=aaaa, kama ipo na hosti yako haijakupa namba ya IPv6, ifute. Angalia pia usije ukawa na A mbili, ya zamani na mpya pamoja, maana hapo watu wanagawanywa, huyu anapata hii yule anapata ile, utadhani una wazimu.

Ya www ni ndogo. Www ni jina linalojitegemea, lazima liwe na rekodi yake, na kwenye kile kisanduku cha jina andika www tu. Paneli nyingi zinaongeza domeini zenyewe, ukijaza jina zima unazaa www.jinalako.co.tz.jinalako.co.tz na hakuna atakayeandika hiyo. CNAME, ile rekodi inayosema jina hili lifuate jina lile, ikielekea jinalako.co.tz inatosha. Ila usije ukaweka CNAME kwenye jina tupu, ile alama ya @, pale kuna NS (zinazotaja neimuseva) na SOA (ya usimamizi wa domeini) tayari na CNAME haitaki kukaa na wenzake, sheria ya tangu 1987 hiyo. Pale weka A.

Kitu kingine, ukishaunda hiyo rekodi acha kwanza kujaribu kila sekunde kumi. Kama uliuliza www kabla haijaundwa, lile jibu la "haipo" nalo linawekwa akiba, kwa hiyo ukiona neimuseva yako inasema ipo na 8.8.8.8 inasema haipo, kanywe chai urudi.

Halafu, hii ndiyo iliniuma zaidi. Nilipogundua kosa langu kwa shangazi nikaona shortkati, nikahamisha neimuseva zote ziende kwa hosti. Tovuti ikafunguka ndani ya masaa machache, nikajipongeza. Kumbe barua pepe yake ilikuwa kule kwa zamani na MX, rekodi inayosema barua pepe ziende wapi, sijaihamisha. Barua zikawa zinajaribu kuingia kwenye seva ya tovuti, ambayo haimjui shangazi, zinakataliwa. Mteja wa Tabora aliyetaka magunia ya dagaa akarudishiwa barua yake mara mbili akanunua kwa mwingine. Shangazi hakunigombeza, alisema tu "haya mwanangu", na ni afadhali angenigombeza. Ukihama neimuseva piga picha kwanza rekodi zote za kule unakotoka, hasa MX na TXT, zile za maandishi ambazo huduma za barua pepe huzitumia kuthibitisha.

Kufuli la usalama kwenye brauza usiliguse bado. Let's Encrypt, wale wanaotoa cheti cha hilo kufuli bure, nao wakikuta AAAA wanaanza na hiyo, na ukifeli mara 5 ndani ya saa moja wanakugomea kwa muda.

Anza na ile amri ya NS ubandike majibu hapa, bandika yote usichague. Nipo Kibirizi napakia mzigo hadi jioni, nikipata bando nitayaangalia.