Miaka 8 Bila Kwenda Kwa Wakwe

Mama mkwe wangu alikuja Nakuru 2016 kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alitoka Luanda kule Vihiga, akapitia Kisumu na Kericho, akashuka steji jioni miguu imemvimba. Alipofika mlangoni kwetu Kaptembwo akasimama. Hakuingia. Nikamtolea stuli nje, akaketi pale kwenye ushoroba wa ploti, majirani wanapita na ndoo zao za maji, yeye amempakata mtoto anamwimbia. Chai nilimpelekea. Akakishika kikombe mpaka kikapoa, akamrudishia binti yake kikiwa kimejaa. Usiku akaenda kulala kwa mpwa wake huko Rhonda.

Nilikasirika kweli. Nikamwambia mwenzangu, "Mama yako ana madharau." Mama Neema hakunijibu. Alikuwa anaosha kile kikombe.

Mzee mmoja wa kwetu Butere ndiye aliyenieleza baadaye, tena kwa kucheka. Mama hali wala halali kwa mwanamume ambaye hajaenda kwao na wazee kupeleka mahari. Angeingia mle ndani, angekuwa amekubali kwamba binti yake aliokotwa.

Wakati huo ungeniuliza kama ndoa ina maana, ningekwambia ni karatasi tu. Tulianza kuishi pamoja 2013, tunapendana, kodi inalipwa, mtoto anakula. Vijana ninaochomelea nao mageti hapa jua kali bado wanayasema hayo hayo, na kuna ukweli ndani yake. Cheti hakimwachishi mtu pombe. Na dada anayepigwa asingoje kusajiliwa, aondoke.

Ila mimi nilinyooshwa na kijitabu cha mazishi. Baba mkwe alifariki 2019. Kwenye wasifu wake watoto walipangwa kwa kuzaliwa: huyu ameolewa na fulani, yule ni mume wa fulani. Ilipofika kwa mwenzangu wakaandika "mama ya Neema", basi. Nilikuwa nimechanga, nimebeba maturubai, nimekesha matanga. Wakwe walipoitwa mbele kuaga, nilibaki nimesimama chini ya mwembe na watu wa picha.

Hiyo ni aibu tu, na aibu hupita. Kilichonitisha ni cha fundi mwenzetu aliyefariki miezi michache baadaye. Aliishi na mama mmoja miaka mingi, wakazaa, wakajenga. Hakuna aliyewahi kwenda kwao. Ndugu wa marehemu walipofika kwa chifu kutafuta barua ya kuanzisha urithi, jina la mama yule halikutajwa kati ya warithi. Akabaki anahangaika kutafuta mashahidi wa maisha yake mwenyewe, huku mashine ya kuchomelea imeshapakiwa kwenye pikapu.

Upande wetu huu huwa kuna hata mabaya zaidi. Mwanamke akifa kabla ya mahari, watu wake wanaweza kuzuia mazishi hadi ng'ombe wafike. Sitaki kueleza sana. Waliowahi kuona wanajua.

Wengine hujipa moyo kwamba ukikaa na mtu muda mrefu, sheria itawahesabu mmeoana. Taratibu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliweka masharti makali: anayedai ndoa ya namna hiyo ndiye wa kuithibitisha, na kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Ilisema pia watu wana haki ya kuishi pamoja bila kutaka ndoa. Kama ninyi ndio hao, na mmekubaliana wote wawili (si mmoja anangoja kimyakimya), siwalaumu. Lakini shamba liandikeni majina mawili, fomu ya sacco ijazeni jina la mrithi, na risiti za simiti msitupe.

Kwa tunaosingizia pesa, mimi nikiwa wa kwanza, sababu hiyo ni nyepesi kuliko tunavyojifanya. Nilikuwa nangoja ng'ombe watimie na harusi ya hema jeupe. Kumbe Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha kuonyesha nia kinatosha kuthibitisha ndoa. Ndoa ya kimila inatambuliwa kama ya kanisani au ya msikitini, ila nayo isajiliwe, na msajili apewe taarifa ndani ya miezi 3 baada ya shughuli kukamilika. Wanaotaka ya serikali wanatoa notisi ya siku 21. Mambo yenyewe siku hizi yanaanzia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali.

Tulienda Luanda Desemba 2021: mimi, baba mdogo na wazee wawili. Walitutoza faini ya miaka yote ile, nikalipa bila kubishana, maana nilistahili. Ng'ombe wawili walitangulia, wengine wakaachwa kwenye maneno. Wazee wa pande zote walionekana kuridhika na deni lile kuliko mimi.

Pasaka iliyofuata mama mkwe alikuja tena. Akavua viatu mlangoni, akaingia, akakaa kwenye kochi karibu na dirisha. Nikamimina chai mwenyewe. Akaonja, akanitazama, akasema, "Baba Neema, sukari iliisha?"