Nikigusa kitu kimoja kwenye API kingine kinakufa

SWALI: Habari za kazi kaka. Nipo Uyole hapa Mbeya, nimetengeneza bekendi (API, yaani upande wa seva unaopokea maombi ya programu nyingine) kwa FastAPI ya Python, inapokea kilo za parachichi wanazopima mawakala kule Tukuyu afu inapiga hesabu ya malipo ya mkulima. Kila nikigusa kitu kimoja kingine kinakufa, narudi Postman, programu ya kutuma maombi kwa mkono, kubonyeza ombi moja moja mpaka usiku. Endipointi (anwani za kupokelea maombi) zimefika 40, testi za kujiendesha nianzie wapi?

JIBU: Pole sana dada. Hizo 40 ziache kwanza, anza na moja tu, ile ya kupokea kilo, maana hapo ndo ilipo hela ya mkulima. Chukua pytest, zana ya kuendesha testi za Python, na TestClient ya FastAPI, unatuma maombi bila hata kuwasha seva. Tuma kilo 120 kwa bei ya 1,500, lije jibu la 201 (yaani rekodi imeundwa) na jumla 180,000.

Ila usiishie kwenye 201. Mimi yalinikuta na mfumo wa wauza viazi Iringa, majibu yanarudi safi kabisa kumbe nilisahau commit, ile amri ya kuhifadhi kabisa, rekodi haziingii kwenye databesi, tumekuja kujua mzee wa watu amefika na karatasi yake ya mzani mkononi, iliniuma sana. Kwa hiyo baada ya kutuma isome tena ile rekodi, na uisome kwa sesheni nyingine (mazungumzo mapya na databesi), kwa sababu ukitumia ileile iliyoandika utaiona hata kama haijahifadhiwa.

Halafu tuma mabaya. Ukiandika "kumi" kwenye kilo FastAPI inakataa yenyewe kwa 422 (data haifai), lakini -5 ni namba halali, inapita kama hujaweka gt=0, yaani lazima izidi sifuri. Asiye na tokeni (kithibitisho cha kuwa ameingia kwenye mfumo) apate 401, yaani hajatambulika. Na mtandao wa milimani unaujua, wakala anabonyeza mara mbili, so tuma risiti yenye namba ileile mara mbili afu hesabu, iwe rekodi moja tu.

Databesi ya testi iwe ya peke yake, isafishwe kila testi, na kama mfumo halisi unatumia databesi ya PostgreSQL tumia hiyohiyo, databesi ndogo ya SQLite haikagui foreign key (kiungo cha rekodi ya jedwali moja na jingine) mpaka uwashe ukaguzi huo. Sehemu ya kulipa kwa simu weka ya bandia kwa dependency_overrides (njia ya FastAPI ya kubadilisha sehemu halisi wakati wa testi), usije ukarusha hela za watu kweli.

Na hiyo inayokufa sasa hivi usiirekebishe bado, iandikie testi uione inafeli kwanza.