Lile jiwe uliloliona Copenhagen

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, pamoja na picha ya lile jiwe dogo la makumbusho. Umeniuliza: kama watu wa Skandinavia walifika bara la Amerika karibu miaka 500 kabla ya Columbus, walipeana vipi habari za nchi walizozigundua, na ramani hawana?

Nianze na jiwe lako. Urefu wake ni kama sentimita 10, kiganja kinalimeza. Liliokotwa mwaka 1824 kwenye kisiwa cha Kingittorsuaq, mbali kaskazini huko Grinlandi, penye marundo ya mawe. Wanaume watatu, Erling, Bjarni na Eindride, walichonga kwa herufi za runi majina yao na ya baba zao, siku waliyokuwapo, na kwamba marundo yale waliyajenga wao. Basi. Walifuata nini huko hawakusema. Runi ni herufi za kukatwa kwa kisu, mstari kwa mstari, na safari nzima haiingii jiweni. Safari ilikaa midomoni.

Yuko Bjarni mwingine, Bjarni Herjólfsson. Masimulizi yao yanasema yapata mwaka 986 alitoka Aislandi kumfuata baba yake Grinlandi, upepo na ukungu vikampoteza. Akaona nchi tatu ngeni, upande wa Amerika, asishuke hata moja. Alipofika akasimulia, na watu wakamlaumu kwa kutoshuka. Leif Eiriksson, baharia wa Grinlandi, yeye alimwendea, akanunua chombo kile kile, akaifuata njia kinyume: nchi aliyoiona Bjarni mwisho, Leif akaanza nayo. Kisha akazipa majina. Helluland, nchi ya mabamba ya mawe. Markland, nchi ya misitu. Vinland, nchi ya mvinyo. Baharia akilisikia jina tu, anajua atazame nini ufukweni.

Sasa nikupe ninachokipenda kuliko vyote. Katika nakala moja ya kitabu chao cha walowezi wa Aislandi kuna maelekezo ya kutoka Hernar, Norwei, mpaka Hvarf, Grinlandi. Unashika magharibi. Shetland unaipita kwa kaskazini, mbali kiasi cha kuiona siku ya hewa safi tu. Visiwa vya Faroe unavipita kwa kusini, bahari ikiwa imefika nusu ya milima. Aislandi unaipita kwa kusini pia, mbali, ila ndege na nyangumi wake uwapate. Nilipoisoma hiyo “nusu ya milima” nilimkumbuka babu yako kwenye jahazi, akitazama nyuma na kusema nchi imezama mpaka kiunoni. Dunia ni mviringo. Kadiri unavyokwenda mbali, maji yanaumeza mlima kuanzia chini, na baharia anapima umbali kwa jicho. Maneno machache, mtoto anayashika kwa kichwa, na yanakuvusha bahari kuu.

Usidhani walisimulia ovyo. Ari Thorgilsson, aliyeandika historia ya Aislandi yapata mwaka 1130, anaeleza habari za Grinlandi amezipata kwa nani: kwa ami yake Thorkell Gellisson, aliyezisikia huko huko kwa mtu aliyesafiri na Eirik Mwekundu, mwanzilishi wa makazi yao Grinlandi na baba yake Leif. Hiyo ni isnadi, mlolongo wa nani kasikia kwa nani, mwanangu, kama ile uliyofundishwa chuoni ukiwa mdogo.

Na habari zilitoka nje. Yapata mwaka 1075 padri Adam wa Bremen, Ujerumani, aliandika kwamba Mfalme Svend wa Denmaki alimweleza juu ya kisiwa kinachoota mizabibu yenyewe, kiitwacho Vinland. Masimulizi marefu, saga, yaliandikwa baadaye sana. Safari ya Bjarni tunaisoma katika Flateyjarbók, kitabu kilichoanza kuandikwa mwaka 1387, kurasa zake ngozi za ndama zaidi ya 100. Na ukisikia kwamba ramani walikuwa nayo, ile “Ramani ya Vinland” iliyoko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, chuo chenyewe kilitangaza mwaka 2021 kwamba ni ya kughushi.

Saga hizo ndizo zilizomwongoza Helge Ingstad, mpelelezi wa Norwei, mpaka L'Anse aux Meadows, Kanada, mwaka 1960. Mkewe Anne Stine akasimamia uchimbaji, zikatoka nyumba za mabaharia wale wa kale. Miti waliyoikata hapo ilibeba alama ya mionzi mikali ya jua ya mwaka 993. Wataalamu wakahesabu pete za mti, moja kwa kila mwaka, kutoka alama hiyo mpaka kwenye gamba, wakapata kwamba ilikatwa mwaka 1021.

Tena kumbukumbu za mwaka za Aislandi zinataja chombo kilichoingia mwaka 1347, kidogo, bila nanga, kimepotezwa na bahari. Watu wake walikuwa Wagrinlandi waliokwenda Markland. Zaidi ya miaka 300 baada ya Leif, njia walikuwa bado wanaijua, na jina ni lile lile alilolitoa yeye.

Jiwe lile kalitazame tena siku ukipata nafasi, na unipigie picha ya upande wa pili.

Baba yako