Drili ya betri ya kutobolea zege: achana na volti, soma jouli

Wadau, swali hili naulizwa sana, na mafundi wenzangu na hata watu wanaojifanyia kazi zao nyumbani: nichukue drili gani ya betri ya kutobolea zege? Halafu hata sijajibu mtu ameshaongeza kwamba anataka ya volti 36 sababu ya volti 18 "haina nguvu". Hapo ndo shida inapoanzia. Volti peke yake haikwambii mashine inagonga kwa nguvu kiasi gani, na kwenye zege kinachofanya kazi ni lile pigo.

Kwanza tuelewane tunaongelea mashine gani, maana kuna mbili zinazofanana kwa jina tu. Kuna drili ya kawaida yenye alama ya nyundo, ile biti yake ina mkia wa mviringo unaibana kwa kuzungusha kichwa cha mbele. Ndani yake mna diski mbili zenye meno zinapandiana wakati inazunguka, ndo ule mtetemo unaousikia. Mapigo yake ni mengi kweli, nyingine zinafika hadi 30,000 kwa dakika, lakini kila pigo ni dogo na linategemea unavyosukuma kwa kifua. Tofali inatoboa vizuri tu. Ukifika kwenye zege iliyokomaa, inasugua, inapiga kelele, biti inapata moto na wewe unatoka jasho kwa shimo moja la skrubu.

Ya pili ndo tunayoitaka, drili nyundo yenyewe, ile ya biti za SDS, yaani zenye mkia wa mifereji unaoingia kwa kusukuma. Humu ndani mna pistoni inayokandamiza hewa, na hiyo hewa ndo inakirusha kipande cha chuma kwenda kugonga mkia wa biti. Mapigo yake ni machache, nyingi zinacheza kati ya 4,000 na 5,000 kwa dakika, ila kila pigo linavunja. Na kwa sababu nguvu inatoka kwenye hewa iliyobanwa na sio kwenye mkono wako, hutakiwi kuilalia. Unaibana ukutani kiasi cha kuituliza tu, ukizidisha unabana mwendo wa ile nyundo ya ndani, spidi inashuka na betri inakwisha haraka. Wengi waliozoea zile za kawaida hili linawashinda siku za mwanzo, wanasukuma kama wanasukuma gari lililozima.

Sasa hizo jouli. Kwenye karatasi ya mashine tafuta nguvu ya pigo moja, imeandikwa kwa herufi J, na iwe imepimwa kwa utaratibu wa EPTA, chama cha watengenezaji wa mashine za umeme Ulaya, ambao watengenezaji wakubwa wanautumia ili namba zilinganishike. Angalia mfano huu: Makita DHR171 ina jouli 1.2, DeWalt DCH273 ina 2.1, Bosch GBH 18V-26 ina 2.6. Zote tatu ni za volti 18! Yaani volti ileile lakini pigo la ya tatu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Ukipanda hadi DeWalt DCH333 ya volti 54 unapata 3.5. Mashine isiyoandika jouli kabisa, inajisifia volti na rangi, mi huwa naiacha hapohapo.

Haina maana kwamba ile ya 1.2 ni mbovu. Inategemea unatoboa nini siku nzima. Kama kazi yako ni matundu ya milimita 6 hadi 8 ya kufungia mabano, vibanio vya nyaya na mabomba, kamashine kadogo kepesi ndo rafiki yako, hasa ukiwa juu ya ngazi unatoboa dari. Mashimo ya milimita 10 hadi 14 ya bolti za kutanuka, hapo taka jouli 2 kwenda juu. Na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, milimita 24 au 26, hiyo ni kikomo cha mashine, inaweza kufika ila sio sehemu ya kuishi. Mi nakadiria hivi: kazi ya kila siku isizidi karibu nusu ya hiyo namba. Ukiona kila siku unatoboa milimita 18 au 20, hapo unahitaji familia nyingine kabisa, ya SDS Max, ambayo mkia wa biti una milimita 18 wakati wa SDS Plus, yaani hizi ndogo tunazoongelea, una 10, na kusema kweli kwa kazi nzito mfululizo ya namna hiyo mi bado napendelea ya waya.

Watu wengi wananunua mashine kubwa kuliko kazi yao, huo ndo mtazamo wangu. Kilo moja ya ziada dukani huisikii. Ukiishika juu ya kichwa asubuhi mpaka jioni utaisikia mpaka kwenye meno.

Umbo nalo lina lake. Zipo zenye umbo la bastola, nyembamba na ndefu, mota imelala sambamba na biti, hizi nzuri kwa juu na sehemu za kubanana. Na zipo za umbo la L, mota imesimama wima, ni fupi kwa urefu ila nzito zaidi, nyingi zina pigo kubwa na zinatulia vizuri ukitoboa ukutani au sakafuni. Ukienda kununua ishike ikiwa na betri yake, sio mwili mtupu, alafu inyanyue juu uone. Mashine ya umbo la L bila betri inakudanganya.

Kwenye betri watu wanaangalia volti tena wakati cha kuangalia ni Ah, yaani ampea-saa, kiasi cha chaji betri inachobeba. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa: betri ya volti 18 na Ah 5 ni wati-saa 90, ya Ah 2 ni 36 tu. Na sio suala la kudumu pekee. Betri ndogo ukiibebesha drili nyundo volti zake zinashuka mashine inapokaza, kwa hiyo hata pigo linakuwa goigoi. Drili nyundo naona ianzie Ah 4. Zikipata moto chaja nyingi zinagoma kuchaji mpaka ipoe, hiyo sio ubovu, iache kivulini, na kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0 betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa. Kama tayari una betri za kampuni fulani kwa vifaa vingine basi anzia hapohapo, betri za kampuni moja kwa kawaida haziingii kwenye nyingine, na tofauti ya jouli 0.3 kati ya kampuni mbili haistahili kukufanya uanze kununua chaja na betri upya. Mota chagua isiyo na kaboni (vile vipande vinavyosugua ndani ya mota kupitisha umeme), inapoteza umeme kidogo zaidi na hakuna kaboni za kubadilisha.

Haya, nondo. Kila anayetoboa zege atakutana nayo. Biti inashuka vizuri, vumbi la kijivu linamwagika, ghafla mlio unabadilika unakuwa mkali wa chuma, biti inarukaruka haishuki, na ukiichomoa unaona ncha imeng'aa. Usikomae nayo. Biti zenye makali mawili ndo zinakwama vibaya hapa, ukali mmoja unajikita pembeni ya nondo, biti inasimama ghafla na mashine yenyewe ndo inaanza kuzunguka na kifundo cha mkono wako. Za makali manne zinakwama kidogo zaidi. Ndo maana klachi ya usalama, ile inayoachanisha mota na biti ikikwama, ni lazima, na siku hizi zipo zenye kihisio kinachozima mota mara tu mwili wa mashine unapojizungusha, Bosch wanakiita KickBack Control, Milwaukee AutoStop, Hilti ATC. Kwa anayetoboa juu ya ngazi mi naweka hiki mbele ya jouli. Na ule mshikio wa pembeni ufunge, sio wa urembo. Ukishagonga nondo hamisha shimo, na kama ni nguzo au boriti muulize mhandisi kwanza kabla ya kufikiria kuikata.

Biti zenyewe usibanie hela. Tafuta zenye alama ya PGM, maana yake kipenyo cha ncha kimekaguliwa, na bolti ya kutanuka haitaki mchezo kwenye kipenyo, shimo likizidi kidogo tu bolti inazunguka ndani haikazi. Kabla ya kuingiza biti futa mkia wake, paka grisi kidogo tu, sukuma huku unazungusha mpaka ilie, kisha ivute kuhakikisha imekamata. Itacheza kidogo mbele na nyuma, usishangae, imetengenezwa hivyo ili igongwe.

Vumbi ni sehemu watu wanaidharau kuliko zote. Vumbi la zege lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ile laini kabisa usiyoiona ndo inayoingia ndani ya mapafu na kuleta silikosisi, na huo ugonjwa hauponi. Marekani kwa kanuni ya 2016 kiwango cha juu kazini ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, ni kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa haisaidii hapa, tafuta ya daraja la FFP3, inayochuja vumbi laini, na kama mashine ina kiboksi chake cha kunyonya vumbi mbele kinunue pamoja nayo. Shimo usilipulize kwa mdomo, tumia pampu ya mkono na brashi, hasa ukiweka bolti za gundi, maana gundi ikishika vumbi badala ya zege bolti inachomoka.

Na mtetemo je? Kwenye karatasi utaona namba yenye m/s². Sheria ya Ulaya ya 2002 inasema mwajiri aanze kuchukua hatua mfanyakazi akifika 2.5 kwa wastani wa saa 8, na asivuke 5. Mashine yenye mtetemo wa 10 inakufikisha kwenye hatua ya kwanza ndani ya nusu saa ya kubonyeza, na mwisho wa kikomo ndani ya saa 2. Yenye 15 inamaliza kikomo kabla saa moja haijaisha. Kwa hiyo ukiwa na mbili zenye jouli sawa, chukua yenye mtetemo mdogo hata kama ni ghali kidogo.

Swichi ya nyundo izime ukiwa kwenye vigae na matofali yenye uwazi ndani. Kwenye kigae zungusha tu kwa biti ya kigae mpaka upite, ukifika kwenye zege nyuma yake ndo badilisha biti urudishe nyundo. Matofali yenye uwazi ukiyagonga yanapasuka upande wa ndani usiouona, shimo kwa nje linaonekana zuri kabisa ila skrubu haina pa kushika.

Kama una mashine unayoifikiria andika hapo chini modeli yake na saizi za mashimo unayotoboa zaidi, ntakwambia mi ningechukua ipi.